Breka ya nguzo iliyoanguka wakati wa mvua: uchambuzi wa kisa cha ethi kwenye inveta ya gari-nyumba

Gari lililoletwa kwangu lilikuwa basi dogo lililogeuzwa nyumba ya safari, lenye kitanda nyuma, jiko ubavuni, na inveta ya wati 2000 iliyofungwa chini ya kiti, hatua moja kutoka kwenye betri ya lithiamu ya volti 12. Inveta hiyo ilikuwa ya aina inayobeba kazi tatu katika sanduku moja: hugeuza umeme wa betri kuwa volti 230, huchaji betri wakati umeme wa nje upo, na ina relei, yaani swichi inayojiendesha kwa umeme, ya kubadilisha chanzo. Umeme wa kambi ukichomekwa hupita ndani ya inveta na kuendelea hadi kwenye sanduku la breka. Ukikatika, inveta hushika zamu upesi kiasi kwamba aliye ndani huenda asijue kwamba chanzo kimebadilika. Naomba msomaji aushike mpangilio huu, kwa sababu ndio uliowapoteza waliotangulia kulitengeneza gari hili.

Mwenye gari alikuja na hukumu tayari. “Fundi, hii inveta inapiga shoti,” alisema, kisha akaeleza. Usiku mmoja, gari likiwa limechomekwa kwenye nguzo ya umeme ya kambi, alishuka pekupeku kwenye nyasi zilizoloa huku mkono mmoja bado umeshika kipini cha mlango. Pigo alilolipata halikuwa la kutekenya, lilimtupa nyuma. Taa zote zilizimika. Alipopata ujasiri wa kwenda kuangalia, alikuta breka ya uvujaji ya kwenye nguzo imeanguka na ile ya ndani ya gari imeanguka pia. Breka ya uvujaji, kwa asiyeifahamu, ni ile inayolinganisha mkondo unaokwenda kwa waya wa laivu na unaorudi kwa waya wa nyutro. Tofauti ikifika kiwango chake, ambacho kwa kawaida katika mifumo ya volti 230 ni miliampea 30, hukata. Bila shaka ndiyo iliyomwokoa.

Kabla ya kufungua skrubu hata moja nilimwomba anisimulie historia ya gari, nayo ilinipa nusu ya jibu. Inveta ilinunuliwa ikiwa imeshatumika kwingine. Miezi kadhaa baada ya kufungwa, mtu alichomeka kwenye soketi kile kipima chenye taa tatu, gari likiwa linatumia betri, na taa zikaonyesha kwamba hakuna ethi, yaani ule waya wa usalama wa kijani na njano. Fundi wa kwanza aliitwa, akamaliza kazi kwa dakika kumi, na taa za kipima zikawaka vizuri. Tangu siku hiyo, kila gari lilipochomekwa kwenye nguzo ya kambi na birika kuwashwa, breka ya nguzo ilianguka. Mtu wa pili aliitwa, akafanya kitu nyuma ya tundu la kuingizia umeme wa nje, na usumbufu ukakoma, ila siku za mvua. Mvua ikinyesha, majeki ya kusawazisha gari yakiwa yameshushwa hadi ardhini na birika au hita ikiwa inafanya kazi, mara breka ya nguzo iliruka, mara ile ya ndani. Ilipotangulia ya nguzo, inveta ilichukua zamu kimyakimya, na mwenye gari aligundua asubuhi tu kwamba betri imeshuka ilhali aliamini ameichaji usiku kucha.

Maelezo hayo yalitosha kuniondolea shaka moja. Usiku ule wa pigo inveta haikuwa chanzo cha umeme. Ilikuwa mlango tu unaopitisha umeme wa nguzo. Hata ingekuwa chanzo, umeme wa inveta iliyo juu ya matairi hauna sababu ya kupita mwilini mwa mtu kwenda kwenye nyasi, kwa kuwa mkondo hutafuta njia ya kurudi kwenye chanzo chake wala si kwenye udongo. Chanzo kinachoweza kumpiga mtu kupitia udongo ni kile ambacho nyutro yake imeunganishwa na udongo mahali fulani, na hapo palikuwa na kimoja tu cha namna hiyo, yaani umeme wa kambi. Swali likabaki ni vipi bodi ya gari ilipata umeme huo, na kwa nini waya wa ethi haukuuondoa.

Hapa inafaa kusema jambo ambalo lugha yetu yenyewe hulificha. Tumezoea kuuita waya wa kijani na njano “waya wa ardhi”, na jina hilo humfanya mtu aamini kwamba kazi yake ni kuupeleka umeme ardhini, kana kwamba udongo ni shimo la kutupia taka. Katika gari waya huo hauendi ardhini kabisa. Unafunga pamoja bodi za vyombo, chasisi, sinki, bomba la gesi na kila chuma kinachoshikika, na kazi yake ya pili, iliyo kubwa zaidi, ni kuupa mkondo wa hitilafu njia fupi yenye ukinzani mdogo ya kurudi kwenye nyutro ya chanzo ili breka ikate. Njia hiyo hukamilika mahali pamoja tu, pale nyutro inapounganishwa na ethi. Umeme wa kambi ukiwa ndio chanzo, kiungo hicho kiko upande wa kambi na hakitakiwi kuwapo ndani ya gari. Inveta ikiwa ndiyo chanzo, kiungo kinatakiwa kiwe kwenye inveta. Ndiyo maana inveta nyingi za magari zina relei ya pili, ya ethi, inayofunga nyutro kwenye bodi ya inveta wakati inazalisha umeme na kuachia mara umeme wa nje unapopokelewa.

Nilianza kupima gari likiwa halina uhai: plagi ya nje imetolewa, inveta imezimwa, swichi kuu ya betri imezimwa, na dakika chache zimepita ili kapasita za ndani zijitoe chaji. Kipimo cha kwanza kilikuwa kutoka kwenye pini ya ethi ya tundu la umeme wa nje hadi kwenye bawaba ya mlango, mahali nilipokwangua hadi chuma kikang’aa. Pale ambapo pangepaswa kuwa na chini ya omu 1, multimita ilionyesha kwamba hakuna njia kabisa. Nilifungua tundu kwa nyuma na kukuta waya wa kijani na njano umekatwa kwa koleo, umekunjwa mara mbili, umeviringishiwa utepe mweusi na kusukumwa pembeni, safi kabisa, kama kitu kilichofanywa na mtu aliyeridhika na kazi yake.

Kipimo cha pili kilihusu sanduku la breka. Kwa kuwa relei ya ethi ya inveta inaweza kuwa imefunga au imeachia ikiwa haina umeme, kutegemea ilivyoundwa, nilichomoa kwanza waya zote za inveta kwenye sanduku ili nipime sanduku peke yake. Kati ya nyutro na ethi nilipata omu 0.2. Hapakupaswa kuwa na njia yoyote. Nyuma ya kifuniko, kati ya baa ya nyutro na baa ya ethi, palikuwa na kipande cha waya cha milimita za mraba 2.5, kirefu kama kidole cha kati, kimekazwa vizuri pande zote mbili. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya dakika kumi.

Sasa kisa kinaweza kusomwa kwa mpangilio wake. Kipande kile kiliziridhisha taa za kipima, kwa sababu kipima cha taa tatu huangalia tu kama kuna volteji kati ya laivu na nyutro, kati ya laivu na ethi, na kati ya nyutro na ethi. Hakijui kiungo kiko wapi wala kama kinatakiwa kuwapo. Gari lilipochomekwa kwenye kambi, viungo vikawa viwili, kimoja upande wa kambi na kimoja ndani ya gari. Mkondo wa birika, takriban ampea 9, ulipofika kwenye baa ya nyutro ulikuta njia mbili za kurudi, waya wa nyutro na waya wa ethi, ukagawanyika. Kilichorudi kwa ethi hakikupita kwenye breka ya uvujaji ya nguzo, na miliampea 30 ni kiasi kidogo mno mbele ya ampea 9. Breka ilikuwa inasema kweli kila ilipoanguka.

Mtu wa pili aliinyamazisha kwa kukata njia moja, na akakata ile isiyopaswa kuguswa. Tangu hapo chasisi ilikuwa imefungwa kwenye nyutro kwa kile kipande, ilhali haikuwa na waya wowote wa kuirudisha kwenye ethi ya kambi. Siku za kawaida hilo halikujionyesha, maana nyutro ya kambi huwa na volti chache tu juu ya udongo. Ukinzani wa omu 0.3 kwenye kebo ndefu ya kambi, ukipitisha ampea 10, hutoa volti 3. Lakini majeki ya chuma yakizama kwenye udongo uliolowa, volti 3 hizo zikipitia njia ya omu 60 husukuma miliampea 50 kwenda ardhini, na kiasi hicho kinatosha kuangusha breka mojawapo. Ile siri ya mvua, majeki na birika haikuwa na uchawi wowote.

Pigo lenyewe lilihitaji kosa la tatu, ambalo halikuwa ndani ya gari. Niliiomba ile kebo ya kurefushia aliyoitumia usiku ule, na kwenye plagi ya upande mmoja nikakuta laivu na nyutro zimebadilishana nafasi. Kwa vyombo vingi hilo halina dalili: birika linachemsha, taa zinawaka. Kwa gari lenye kile kipande, maana yake ni kwamba waya ulioitwa nyutro ulikuwa na volti 230, na kipande kiliupeleka moja kwa moja kwenye chasisi, kipini cha mlango, ngazi na kila bolti. Majeki yalikuwa yamepandishwa usiku ule, hivyo bodi nzima ilikaa juu ya matairi ikiwa na umeme kamili, ikisubiri mtu mwenye miguu iliyoloa. Mkondo uliopita mwilini ulitoka kwenye breka zote mbili bila kurudi, ndiyo sababu zote mbili zilikata. Breka ya miliampea 30 ikikutana na mkondo wa miliampea 150 hutakiwa kukata ndani ya milisekunde 40. Mwenye gari aliposikia hayo alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama watoto wangeweza kuwa wao. Nilimjibu kwamba ndiyo.

Kulikuwa na hatari nyingine katika kipande kile ambayo haikuwahi kumdhuru mtu, ila kwangu mimi inastahili kutazamwa kwa makini zaidi kwa kuwa ni vigumu kuigundua. Kilifungwa kwenye baa ya nyutro iliyo baada ya breka ya uvujaji ya gari, si kabla yake. Fikiria gari likitumia inveta, na laivu ikagusa bodi ya friji. Mkondo unatoka kwenye inveta kupitia breka, unaingia kwenye bodi ya friji, unafuata waya wa ethi hadi kwenye kipande, unaingia kwenye baa ya nyutro, kisha unarudi kupitia breka ileile. Kilichokwenda na kilichorudi vinalingana kabisa. Breka haioni kitu. Breka ya kawaida nayo haiwezi kutegemewa hapo, kwani breka ya ampea 16 ya aina ya B huhitaji ampea 48 hadi 80 ili ikate papo hapo, na inveta ya wati 2000 haina nguvu ya kufika huko. Itajizima yenyewe kwa kuzidiwa, kama haikuzidiwa haijizimi. Kibaya zaidi, kitufe cha majaribio kilicho kwenye breka ya uvujaji kingebonyezwa kingefanya kazi bila kasoro, kwa kuwa kitufe hicho hupitisha mkondo mdogo ndani ya breka yenyewe, kati ya laivu ya upande mmoja na nyutro ya upande wa pili, bila kuhitaji ethi. Kinathibitisha kwamba breka inaweza kukata. Hakithibitishi kwamba hitilafu itaifikia.

Niliondoa kipande, nikaunganisha upya waya uliokatwa kwa tundu jipya badala ya kuunga waya mfupi, na nikapima tena: omu 0.1 kutoka pini hadi chasisi, na kati ya nyutro na ethi hakuna njia. Kisha nikarudisha waya za inveta na kuiwasha kwa betri, ili nione kile alichokiona mtu wa kwanza kabisa. Laivu kwa ethi ilisoma volti 118, nyutro kwa ethi volti 109. Anayeona tarakimu hizo mara ya kwanza hudhani inveta imeharibika, ilhali ni alama ya umeme unaoelea, yaani usiofungwa popote. Kapasita za kichujio zilizopo kati ya kila waya na bodi zinaugawa karibu nusu kwa nusu. Nilipogusisha balbu ndogo kati ya laivu na ethi haikuwaka, na multimita ikaanguka karibu na sifuri, jambo linaloonyesha kwamba nyuma ya volti zile hakukuwa na mkondo wa maana.

Sababu ya kuelea ilikuwa kwenye mipangilio. Inveta ilikuwa imetoka mahali ambapo kiungo cha nyutro na ethi kilikuwa nje yake, na aliyeifunga huko aliizima relei ya ethi, sawasawa kabisa kwa mazingira yale. Iliponunuliwa na kuingizwa kwenye gari hakuna aliyefungua ukurasa ule wa mipangilio. Niliiwasha relei, nikasikia mlio wake mdogo, na vipimo vikajipanga: laivu kwa ethi volti 229, nyutro kwa ethi volti 0.3. Kipima cha breka za uvujaji kilichochomekwa kwenye soketi ya mwisho kabisa, upande wa kitanda, kiliiangusha breka ya gari ndani ya milisekunde 27, huku gari likitumia betri. Kilichopaswa kufanywa siku ya kwanza kilikuwa kubadilisha mpangilio mmoja.

Bodi ya inveta nayo ilikuwa na kasoro yake, isiyohusiana na pigo. Waya wa kuiunganisha na chasisi ulikuwa wa milimita za mraba 4, umekazwa juu ya rangi, wakati kebo ya betri ilikuwa ya milimita za mraba 70 na fyuzi ya ampea 250. Wengi huuchukulia waya huo kama wa upande wa volti 230 na kuupa unene wa soketi. Lakini chanya ya betri ikigusa bodi kwa ndani, mkondo wa mamia ya ampea utarudi kwa waya huo, na waya mwembamba unaweza kuyeyuka kabla fyuzi haijakatika, tena chini ya kiti chenye sponji. Nilikwangua rangi, nikaweka waya wa milimita za mraba 35 na kupaka grisi ya kuzuia kutu.

Mwenye gari aliniuliza kuhusu ushauri aliopewa na wenzake, wa kubeba fimbo ya chuma na kuipigilia ardhini kila anaposimama. Sioni faida yake hapa. Fimbo fupi kwenye udongo wa kawaida inaweza kuwa na omu 100 au zaidi. Volti 230 zikipita humo hutoa ampea 2.3, ambazo breka ya ampea 16 haizitambui, na wakati wa kutumia inveta mkondo wa hitilafu hauna haja ya kupita kwenye udongo hata kidogo. Fimbo ingemtuliza tu.

Jaribio la mwisho lilifanywa kwenye umeme wa kambi, majeki yakiwa chini na nyasi zimemwagiwa maji kwa makusudi. Nilibana waya wa ethi wa kebo ya nje kwa mita ya koleo, birika na hita vikiwa vimewashwa pamoja: mkondo ulikuwa chini ya miliampea 2, uvujaji wa kawaida wa vichujio vya vyombo. Kama relei ya ethi ingebaki imefunga baada ya umeme wa nje kuingia, pale pangeonekana sehemu ya mkondo wa birika, na breka ya nguzo isingesubiri. Tulikaa saa nzima na haikuanguka. Kisha nikachomoa plagi. Inveta ikashika zamu, relei ikalia, na nyutro ikarudi karibu na ethi.

Kwenye maeneo ya volti 120 na hetsi 60 tarakimu hubadilika, na soketi za uvujaji hukata kwenye takriban miliampea 5, lakini mantiki haibadiliki.

Kutekenya kudogo anakokusikia akishika kompyuta yake ya bati huku amegusa sinki hakukuisha, nami nilimwambia mapema hakutaisha. Kunatoka kwenye kapasita iliyo ndani ya chaja ya kompyuta, kunapitisha sehemu ndogo ya miliampea moja, na kulikuwapo kabla ya mkasa huu wote. Kebo yenye waya zilizobadilishana nimeifunga plagi upya, na ametafuta kipima cha kukagua mpangilio wa waya kwenye kila nguzo kabla ya kuchomeka. Breka za ndani nimezibadilisha ziwe za kukata waya zote mbili, kwa kuwa siku moja atasahau kupima. Kipande cha waya alikichukua mwenyewe. Ndani ya mlango wa sanduku la breka nimebandika karatasi yenye maneno mawili ya maelekezo kwa fundi atakayekuja baada yangu: kiungo cha nyutro na ethi kiko ndani ya inveta, usiweke kingine hapa.